Gereji Aliyoijenga Esengul

Zuura alikuwa mtu wa kushuku, na hakuona haya kulisema hilo mbele ya watu. Tangu usichana wake mpaka alipostaafu alifanya kazi kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, pale malori ya viazisukari yanapopimwa kabla ya kumwaga mzigo. Madereva walimjaribu kwa kila hila. Walilowesha viazi maji ili vizidi uzito, walificha mawe chini ya shehena, walisimamisha gurudumu moja ukingoni ili mizani ichanganyikiwe. Zuura alilizunguka lori mara moja, mikono nyuma, hasemi kitu, kisha akamwambia dereva, "Kaka, kashushe hilo jiwe lako, halafu tuanze upya kama watu wasiojuana."

Esengul naye alikuwa dereva wa lori. Huyo ndiye ambaye Zuura alimshuku kuliko wote, kwa sababu hakuwahi kumkuta na kosa. Msimu mzima wa mavuno alipekua mzigo wake, akainama kutazama chini ya bodi, akafungua hata kisanduku cha spana. Siku moja Esengul akazima injini, akashuka, akamwambia, "Dada, hicho unachokitafuta humu hakimo. Nieleze ni kitu gani, kesho nitakuletea." Majira ya baridi yaliyofuata wakaoana.

Walijenga nyumba katika mtaa wetu, kwenye kijiji cha bonde la Chui, si mbali na Bishkek, ambacho ni barabara moja ndefu yenye mfereji kila upande, milima ikiwa upande wa kusini. Walipata mtoto mmoja, Taalai, ambaye alipokua alikwenda Urusi kutafuta kazi kama vijana wengine wa hapa. Malori ya kiwanda yalipouzwa, Esengul alinunua Audi ya zamani, ya kijani, na tangu hapo mtaa wote ukamtegemea. Mwenye mgonjwa alikwenda kwake. Mwenye harusi alikwenda kwake. Mwenye kupeleka magunia ya vitunguu sokoni alikwenda kwake, na Esengul hakujua kukataa. Aliinuka mezani na tonge mdomoni, akachukua funguo.

Ndiyo maana, mwaka ule theluji ilipoyeyuka, alipotangaza kwamba anajenga gereji, hakuna aliyeshangaa isipokuwa mke wake.

Ilikuwa asubuhi, wanakunywa chai ya maziwa na boorsok, vile vimaandazi vya kukaanga, za jana yake.

"Mama Taalai, najenga gereji," Esengul alisema.

"Gereji ya nini? Gari limelala nje miaka yote hii, halijawahi hata kukohoa."

"Limezeeka."

"Na wewe umezeeka. Nikujengee na wewe?"

"Mvua ya mawe ya mwaka jana umeisahau? Iliyotoboa paa la Mutalip hapo jirani?"

Zuura hakuisahau. Ila alikumbuka pia kwamba siku ya mvua ile Esengul alilifunika gari kwa godoro kuukuu na likatoka salama. Akamtazama mumewe usoni, na ndipo alipoliona jambo lililomwanzishia safari nzima ya mashaka. Esengul alikuwa akizungumza naye huku macho yake yakiangalia sikio lake. Hakuangalia macho yake. Aliangalia sikio, au kitu kilichokuwa nyuma ya sikio. Zuura aligeuka kuona kuna nini. Palikuwa na ukuta tu.

Kwenye mizani, dereva mwenye jiwe ndiye aliyekuwa hakutazami machoni.

Esengul akaanza kuchimba msingi. Matofali ya saruji yaliletwa na trekta, mchanga ukaletwa, mifuko ya saruji ikapangwa chini ya mtufaha na kufunikwa turubai. Jirani yao wa upande wa kushoto, Mutalip, Mdungan mwenye asili ya Uchina, mkulima wa vitunguu saumu, ambaye alijenga nyumba za nusu ya ukoo wake kwa mikono yake, alivuka na pimamaji lake kwapani ili kusaidia. Alisimama akatazama mtaro, akakuna shingo.

"Kaka Esengul," akasema, "mtu akijenga gereji hulitoa gari kwanza."

Kweli, mtaro ule ulikuwa umelizunguka gari. Audi ilikuwa imesimama pale ilipokuwa ikisimama siku zote, kwenye kona ya ua, na Esengul alichimba kulifuata kama mtu anayechora mstari kuzunguka ng'ombe aliyelala.

"Halina pa kwenda," Esengul alijibu.

"Lisogeze hapo barabarani. Dakika moja tu."

"Limekaa vizuri hapo lilipo."

"Haya, chukua pimamaji."

"Ninao uzi."

Mutalip alirudi kwake, na jioni alimwambia kila aliyepita kwenye lango lake kwamba mzee Esengul anajenga gereji kama anayefunga zawadi. Watu wakacheka. Lakini mtaani kwetu kicheko hakikai peke yake muda mrefu. Wakaanza kuuliza.

Mtu wa kwanza kuudhika hasa alikuwa Kalyicha, dada mkubwa wa Zuura, mjane mwenye sauti ya kusikika ng'ambo ya mfereji. Alikuwa na karamu ya kumbukumbu ya marehemu upande wa wakwe zake, huko Talas, mwendo wa kuvuka milima, na kama kawaida alikuja kumwambia shemeji yake wanaondoka lini. Hakuja kuomba. Hakuwahi kuomba.

"Dada, safari hii haiwezekani," Esengul alisema, akiwa amechuchumaa na mwiko mkononi. "Zege halijakauka. Nikilitoa gari sasa nitavunja kingo."

"Weka ubao upite juu yake."

"Litapasuka."

"Tangu lini zege likawa na heshima kuliko mimi?"

"Nisamehe, dada."

Kalyicha alimgeukia mdogo wake. "Huyu mtu mmemlisha nini?" Akaondoka, akakodi gari la mtu baki, na huko Talas, mbele ya sahani za nyama, akamsema shemeji yake mpaka watu wasiomfahamu wakamchukia.

Zuura aliona aibu, lakini zaidi ya aibu aliona hesabu isiyolingana. Esengul ambaye hakujua kukataa, amekataa. Na hakukataa hiyo tu. Alikataa kumpeleka mke wa Mutalip hospitali kwa jino, akasema betri imekufa. Alikataa kwenda sokoni, akasema tairi. Zuura alikwenda kwenye gari akaligusa tairi kwa kisigino. Lilikuwa gumu kama jiwe.

Basi akaanza kumzunguka mumewe kama alivyokuwa akiyazunguka malori.

Aliona kwamba Esengul ameacha kusoma gazeti. Alipomuuliza, alisema habari zote ni uongo. Aliona kwamba ameacha kumimina chai. Zamani, wakiwa wawili, yeye ndiye aliyeshika birika, akajisifu kwamba hakuna mwanamume mwingine wa Chui anayemhudumia mkewe hivyo. Sasa alikaa tu na bakuli lake mbele yake kama mgeni. Watu wakamletea malalamiko: mzee anapita barabarani hasalimii. Umempungia mkono, anapita. Mpaka umwite, hapo ndipo anaposimama na kuchangamka mno, kama mtu aliyefumaniwa.

Na jinsi alivyojenga. Aliufunga uzi mafundo mafundo, kisha akapitisha vidole juu yake taratibu. Kila tofali alipoliweka alilipapasa pembe zake zote kwa kiganja, akapapasa na tofali la chini yake, akapapasa tena la juu. Zuura alimtazama kupitia dirisha la jikoni, akasema peke yake, "Haya, na hili nalo ni la nini?"

Wazo lake la kwanza likawa la mwanamke mwingine. Mtu asiyekutazama machoni, aliyeacha kukumiminia chai, anayetaka kuwa peke yake kutwa. Alinusa mashati yake. Yalinuka saruji. Kila alasiri Esengul alinawa mikono, akavaa kofia yake ya manyoya ya kondoo na kutoka kwa miguu, jambo ambalo hakulifanya hata siku moja katika maisha yake ya udereva. Zuura akamfuata.

Esengul alitembea kando ya uzio, mkono ukipita juu ya mbao. Alikwenda mpaka mtaa unapoishia, akaufuata mfereji mpaka kwenye kona inapopita barabara kuu, penye daraja dogo. Hapo akasimama. Zuura alijibanza nyuma ya mti akangoja mwanamke atokee. Hakutokea mtu. Magari yalipita. Esengul alikuwa akiyatazama kwa kugeuza kichwa upande, kama kuku anavyotazama punje. Kisha, barabara ilipotulia, akaingia ukingoni mwa lami, akainama, akaipapasa lami kwa mkono. Aliipapasa mahali pamoja kwa muda mrefu. Akasimama, akarudi nyumbani.

Zuura hakumfuata tena. Alibaki nyuma ya mti ule. Alikuwa amekumbuka kitu.

Mwishoni mwa majira ya baridi, kabla ya habari ya gereji, Esengul alirudi jioni moja kutoka kumpeleka mtu stesheni, akaingia ndani bila kusema neno na kulala na koti. Asubuhi yake Zuura alikwenda kutupa majivu, akaona kwenye gari kitu alichokiona bila kukitilia maanani: bonyeo mbele, taa moja imevunjika, na kwenye wavu wa chuma mbele ya injini, nyuzinyuzi nyeupe zimenasa. Alidhani ni uchafu wa barabarani. Alipopita tena mchana, wavu ulikuwa umeoshwa na taa mpya imewekwa.

Sasa nyuzi zile zilimrudia akilini, na zikawa nywele. Nywele nyeupe za mtu mzee.

Hakulala vizuri siku zile. Alikwenda kwenye zahanati ya kijiji kwa kisingizio cha presha, akamzungusha muuguzi kwa maneno mpaka akauliza kama kuna mtu yeyote aligongwa na gari pale darajani mwishoni mwa baridi.

"Hapana, mama," muuguzi alisema. "Kuna mzee mmoja tu alianguka kutoka kwenye punda wake. Kwa nini?"

"Nimesikia tu."

Jibu lile halikumpunguzia kitu. Alijiambia kwamba aliyegongwa anaweza kuwa mtu wa mbali, mpita njia asiye na wa kumuulizia. Anaweza kuwa amelala chini ya daraja. Alikwenda akatazama chini ya daraja. Palikuwa na maji, matope na kiatu kimoja cha mpira, na kiatu kile kilimtesa wiki nzima.

Wakati huo kuta zilikuwa zimepanda kupita kichwa cha mtu. Gari halikuonekana tena. Mtaani maneno yalikuwa yamekwisha kukua: wako waliosema Esengul amenunua gari la wizi, wako waliosema Taalai ametuma kitu kutoka Urusi kisichofaa kuonekana. Mutalip, ambaye hakuwa mtu wa uzushi, alimwita Zuura kwenye uzio.

"Dada Zuura, usinielewe vibaya. Siingilii ya nyumbani kwenu."

"Sema."

"Umeutazama mlango?"

"Mlango gani?"

"Ndiyo hapo. Mimi nauona kutoka darini kwangu. Mlango aliouacha kaka Esengul unampitisha yeye na karai lake. Gari haliupiti."

Zuura alivua mkanda wa aproni yake akaenda kuupima mlango ule huku Esengul akiwa ndani ya nyumba anakunywa maziwa ya mgando. Akajipenyeza kati ya ukuta na gari, akalipima gari. Akarudi kuupima mlango tena kwa sababu hakutaka kuamini. Mutalip alikuwa amesema kweli. Audi ilikuwa imejengewa ndani kama kokwa. Ikitaka kutoka, ukuta lazima uvunjwe.

Alikaa juu ya mifuko ya saruji akingoja. Esengul alipotoka, alipanda kwenye ngazi kuweka boriti juu ya mlango. Zuura akasimama chini yake.

"Mzee, shuka."

"Ngoja nimalize hii."

"Shuka. Nina neno."

Esengul akashuka, akafuta mikono kwenye suruali, akatazama sikio lake.

"Ulimgonga nani?" Zuura aliuliza.

Uso wa Esengul ukabadilika. "Nani kakwambia?"

Hilo ndilo jibu aliloliogopa.

"Hakuna aliyeniambia. Niliona nywele mbele ya gari. Nimekuona ukipapasa lami pale darajani. Na mlango wako huu nimeupima. Watu wote hujenga gereji ili mwizi asiingie. Wewe umejenga ili gari lisitoke. Basi niambie mimi kabla hawajaniambia polisi. Ulimuua nani?"

"Kondoo."

"Usinifanyie utani, mzee."

"Kondoo jike wa Bakas, jirani wa ng'ambo ya mfereji, palepale darajani. Nimekwisha malizana naye, muulize." Esengul alijiketisha kwenye ukingo wa msingi. "Sikumuona. Taa zinawaka, jua halijazama sawasawa, barabara nyeupe mbele yangu, na sikumuona. Nikasikia kishindo tu. Nikasimama, nikarudi nyuma kwa miguu, na kitu kimelala pale. Kikubwa. Nikakiangalia, Zuura. Nimesimama juu yake nakiangalia, na sijui kama ni mtu au si mtu. Nikipeleka macho katikati, kinapotea. Nikapiga magoti nikapapasa. Nikashika sufu. Nikalia pale barabarani, kwa furaha, kwamba nimeshika sufu."

Tunaomfahamu Zuura tunajua kwamba hata hapo hakumwamini mara moja. Ni kazi iliyomjenga hivyo. Alifikiri: hii ni hadithi nzuri, na madereva wenye hadithi nzuri nawajua. Akarudi nyuma hatua chache, akafungua kitambaa chake cha kichwa, akakivua. Mchana kweupe, uani, lango likiwa wazi, nywele zake za mvi zikamwangukia mabegani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aingie nyumba ile akiwa bibi arusi. Akasimama hivyo mbele ya mumewe.

"Nimefanya nini sasa hivi?" akauliza.

Esengul alimwelekea, akageuza kichwa kidogo upande. "Umenyamaza," akasema.

Zuura akakaa chini kwenye mchanga.

Mutalip, aliyekuwa darini kwake akitandaza vitunguu saumu, alimwona Zuura kichwa wazi, akashuka haraka akaingia ndani, na hakulisimulia hilo mpaka miaka mingi baadaye.

"Kwa nini hukuniambia?" Zuura aliuliza mwishowe.

"Ningekwambia, ungesema nisiendeshe."

"Ningesema hivyo, ndiyo."

"Na mimi ningekubali. Halafu dada yako angekuja analia, au mtoto wa mtu ana homa, na mimi na wewe tungesema, haya, mara hii moja tu, polepole. Unanijua. Mimi siwezi kukataa. Nilikuwa simwogopi mtu, nilikuwa najiogopa mwenyewe. Ukuta haubembelezeki."

"Ungeuza gari."

"Ningewaambia nini?"

Zuura alifikiri angeuliza mengi zaidi, tangu lini, jicho gani, anaona nini akimtazama yeye. Hilo la mwisho aliliuliza.

"Nakuona pembeni," Esengul alisema. "Nikitazama sikio lako, napata uso kidogo. Nikitazama uso, unaondoka."

Zuura alimpeleka Bishkek kwa basi, kwa daktari wa macho, ambaye alimmulika kwa taa yake na kusema kwamba sehemu ya katikati ya macho yote mawili imechakaa, haitarudi, ila pembeni patabaki. Hataingia gizani kabisa. Zuura alimuuliza daktari maswali mengi mpaka akaanza kumshuku na yeye, wakaenda kwa daktari wa pili, aliyesema yaleyale.

Waliporudi, mambo mtaani yakawa mabaya zaidi, maana sasa Zuura naye aliingia kwenye uongo. Esengul alimsihi asimwambie mtu mpaka amalize paa, na yeye akakubali. Yule mwanamke aliyefumbua hila za madereva maisha yake yote alikuwa akisimama langoni na kuwaambia watu kwamba gari limeharibika gia. Mtu akiuliza gia ya ngapi, alijibu ya tatu bila kupepesa. Jioni alimsaidia mumewe kupandisha mabati, akamwongoza mkono kwenye misumari, wakiteta kwa sauti ya chini ili Mutalip asisikie. Mtaa uliokuwa ukimshuku mmoja ukaanza kuwashuku wote wawili. "Angalieni," watu walisema, "hata Zuura kanyamaza. Basi kilichomo humo ni kikubwa."

Lililolimaliza ni harusi. Mjukuu wa Kalyicha alikuwa anaolewa mwisho wa kiangazi, na Taalai alikuwa amekuja kutoka Urusi kwa likizo. Kalyicha aliingia uani bila kubisha, Taalai akiwa nyuma yake.

"Nimemleta dereva," Kalyicha alisema. "Kama shemeji amechoka, mwanawe hajachoka. Bibi arusi wangu hatapanda gari la kukodi wakati ukoo una gari. Fungueni hicho kibanda chenu."

Taalai alikwenda kutazama. Akalizunguka jengo lote, akarudi anacheka. "Baba, mlango uko wapi?"

"Gia imeharibika," Zuura alianza, "ile ya tatu..."

"Mama Taalai, acha," Esengul alisema. Alikuwa amekaa kizingitini. "Dada, mimi sioni."

"Huoni nini?"

"Sioni. Macho. Nilikaribia kuua mtu. Sikutaka uniombe nikakubali."

Kalyicha alibaki mdomo wazi, na hilo peke yake tungelilipia kiingilio kulitazama. Alimtazama mdogo wake, akatazama gereji, akamtazama tena Esengul, ambaye alikuwa amegeuza uso pembeni ili apate kumuona.

"Na mimi nimekusema mpaka Talas," akasema. "Kwa watu wa kule, tena mbele ya msahafu uliosomwa. Sasa nitarudi kule nikawaambie nini?"

"Waambie zege limekauka," Esengul alisema.

Kalyicha alikaa kando yake kizingitini, akavuta kamasi, akaomba chai. Zuura akamletea.

Kesho yake Taalai na Mutalip walivunja ukuta wa mbele. Walidhani ni kazi ya asubuhi. Iliwachukua kutwa, kwa nyundo na nondo, jasho likiwatoka, huku Mutalip akilaani kila tofali, maana Esengul alikuwa amechanganya saruji ya kujengea daraja. Ukuta wa nyuma Mutalip aliuwekea pimamaji lake, akasema una tumbo kidogo, upande wa mtufaha, na akaongeza kwamba hata kuta zake yeye mwenye macho mawili baadhi zina tumbo. Esengul alikaa kwenye kigoda akisikiliza nyundo. Hakuna aliyejua kama anahuzunika au anapumzika. Taalai aliweka mlango wa chuma wa mabawa mawili, akalitoa gari, akampeleka bibi arusi, kisha likizo ikaisha naye akarudi Urusi.

Sasa gari lilikuwa huru na halikuwa na mtu wa kuliendesha. Kalyicha alishauri liuzwe. Mutalip alijitolea kulinunua, kwa bei ambayo Zuura aliitilia shaka papo hapo. Zuura akasema hapana. Akaenda mjini, akajiandikisha shule ya udereva kati ya vijana wasiokuwa na ndevu, naye amekwisha kuwa bibi wa kitongoji kizima. Mwalimu alimwambia, "Mama, wewe kaa tu nyuma usikilize." Alipomaliza kumrekebisha mwalimu jinsi gari lililobeba mzigo linavyolia kwenye gia isiyofaa, akaruhusiwa mbele. Kwenye mtihani alianguka, akaanguka tena, kisha akapita.

Sasa hivi ukisimama kwenye kona ile yenye daraja utawaona. Audi ya kijani inakuja mwendo wa mtu anayefikiri, Zuura kaushika usukani kwa mikono miwili, kitambaa kimefungwa mpaka kwenye nyusi, anamshuku kila dereva anayemfuata na kila anayemkabili. Esengul yuko kando yake, kichwa kimeinama upande wa injini. Nimewahi kupanda nyuma, wakinipeleka stesheni, nikayasikia mazungumzo yao njia nzima.

"Umetazama kushoto?"

"Nimetazama."

"Umetazama kweli, au umegeuza kichwa tu?"

"Nimetazama, mzee."

"Kuna nini?"

"Hakuna kitu."

"Nasikia trekta."

"Liko mbali."

"Mbali kiasi gani?"

Zuura akavuta breki, akalingoja trekta lipite, na lilichukua muda kweli kufika. Kisha akatia gia ya kwanza, naye Esengul akaisikiliza ikiingia, tukavuka.